Kanguru uani, kanguru barabarani: jibu kwa mama aliyehamia nje ya Wagga Wagga

*"Daktari, tulikuja Australia kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nchini Tanzania, na sasa tumepanga nyumba nje kidogo ya mji wa Wagga Wagga, yenye uwanja mkubwa wa nyasi. Kila jioni kanguru huingia kula. Watoto wamewazoea, huwarushia mkate, na kuna dume mmoja mkubwa ambaye siku hizi hutusubiri karibu na mlango. Mume wangu hutoka saa kumi alfajiri kwenda kazini machinjioni. Juzi alimgonga kanguru jike akafa, na mfukoni mwake tukamkuta mtoto yungali hai. Watoto wamemweka kwenye boksi jikoni, wanampa maziwa ya ng'ombe kwa chupa, na wanaomba tumfuge. Jirani mmoja anasema kanguru hawana madhara, mwingine anasema wanaua watu. Je, niwafukuze? Nyama yao inaliwa? Na ni kweli kwamba kuna filimbi za kufunga kwenye gari zinazowafukuza barabarani?"*

Dada yangu, maswali yako ni mengi lakini wasiwasi ulio chini yake ni mmoja: mnyama wa mwituni, mkubwa, asiyekuwapo kule mlikotoka, ameingia katika maisha ya nyumba yako, nawe hujui umhesabu kuwa mgeni, mfugo au adui. Jibu langu ni kwamba si chochote kati ya hivyo. Ni mlaji nyasi mwenye saa zake na mipaka yake, na familia inayozijua saa hizo na kuiheshimu mipaka hiyo huishi naye miaka mingi bila shida. Nitaeleza kila jambo kwa zamu yake, ila naanza na yule aliye kwenye boksi, kwa sababu yeye hana muda wa kusubiri.

Mtoto wa kanguru akabidhiwe leo kwa mlezi mwenye kibali. Katika jimbo lenu la New South Wales, shirika la kujitolea liitwalo WIRES huwaokoa wanyamapori na lina walezi waliofunzwa. Zahanati yoyote ya mifugo mjini pia inaweza kumpokea na kuwaita. Kama Kiingereza cha simu kinakupa taabu, piga kwanza 131 450, ambayo ni huduma ya ukalimani ya serikali, uombe mkalimani wa Kiswahili, naye atakuunganisha. Wakati mnasubiri, acheni kabisa maziwa ya ng'ombe na msimpe chakula kingine chochote. Mfungeni kwa kitenge safi cha pamba kilichokunjwa mara mbili, kichwa kikiwa ndani ya kivuli cha nguo, mumweke ndani ya foronya au mfuko wa kitambaa, kisha mtu mzima mmoja amshike kifuani ili apate joto la mwili. Chumba kiwe na giza na kimya. Watoto wasimpokezane mikononi, kwa maana mnyama huyu anaweza kuonekana ametulia kumbe ameganda kwa hofu, na hofu ya muda mrefu humdhuru sawasawa na njaa.

Najua maziwa mliyompa mliyatoa kwa huruma, kwa hiyo nieleze kwa nini yanamwumiza. Maziwa ya ng'ombe yana sukari nyingi iitwayo laktosi. Mtoto wa kanguru ana uwezo mdogo sana wa kuivunja sukari hiyo, kwa sababu maziwa ya mama yake hayaibebi kwa wingi wa namna ile. Matokeo ya kwanza ni kuhara, na kuhara kwa kiumbe mdogo kiasi hicho humkausha maji upesi. Matokeo ya pili huchelewa kuonekana: sukari ya galaktosi isiyotumika vizuri mwilini huweza kusababisha mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho kuwa na ukungu, na kanguru asiyeona hawezi kurudishwa porini. Walezi hutumia maziwa maalumu yasiyo na laktosi na huyabadilisha kadiri mtoto anavyokua, kama vile mama mwenyewe anavyobadilisha yake. Kanguru jike ana chuchu nne, na akiwa na watoto wawili wa umri tofauti, chuchu moja humtolea mdogo maziwa ya aina moja, na nyingine humtolea mkubwa aliyekwisha toka mfukoni maziwa ya aina nyingine kabisa, kwa wakati mmoja.

Hapo kuna jambo la kukumbuka iwapo ajali itatokea tena. Kanguru wa kijivu wa mashariki, ambao kwa kila dalili ndio wanaokuja uani kwenu, huzaliwa baada ya mimba ya siku 36 hivi, wakiwa na uzito usiofika hata gramu moja. Kitoto hicho kipofu, kisicho na manyoya, hupanda chenyewe kwa mikono ya mbele hadi mfukoni, hushika chuchu, nayo chuchu huvimba ndani ya kinywa chake hata haiwezi kuchomoka kirahisi. Hubaki hivyo kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo mkimkuta mtoto asiye na manyoya aliyeshikamana na chuchu ya mama aliyekufa, msimvute: mnaweza kuchana kinywa na taya lake. Pigeni simu mkiwa pale pale mfuate maelekezo ya mwokoaji. Mtoto mwenye manyoya aliyekwisha achia chuchu anaweza kutolewa taratibu na kufungwa kwenye nguo kama nilivyoeleza. Watoto wa aina hii hawauachi mfuko moja kwa moja hadi wanapokaribia miezi 11, na huendelea kunyonya kwa miezi mingine mingi wakiwa nje, ndiyo maana huwa namwomba dereva atazame pia kando ya barabara, kwa sababu huenda mdogo anayejitegemea nusu yuko hapo karibu akimngoja mama.

Ombi la kumfuga halikubaliki, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria: kanguru ni mnyama aliyelindwa chini ya sheria ya jimbo ya mwaka 2016 ya kuhifadhi bioanuwai, na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa hata kama ulimwokoa. Ya pili naipa uzito zaidi. Dume aliyelelewa na watu akapoteza woga kwao, hafikii utu uzima akawa mpole. Hufikia utu uzima akiwahesabu watu kuwa kanguru wenzake, na madume wenzake hushindana nao kwa mapigano. Septemba 2022, huko Redmond kusini mwa jimbo la Australia Magharibi, mzee wa miaka 77 aliuawa na kanguru ambaye polisi waliamini alikuwa akimfuga. Hicho kiliripotiwa kuwa kifo cha kwanza cha namna hiyo nchini humo tangu 1936. Utaona kwamba majirani zako wote wawili wana sehemu ya ukweli: kuua mtu ni jambo la nadra mno, na pale lilipotokea, uhusiano wa karibu kupita kiasi ulikuwamo. Waambieni watoto kwamba wao ndio waliomwokoa, na kwamba kumkabidhi kwa mlezi ndiyo kumalizia kazi hiyo. Walezi huwachanganya mayatima hawa na wenzao, huwakuza kwa makundi, kisha huwaachia.

Sasa tuje uani. Kinachowaleta si ujasiri wala ukorofi. Kanguru hupenda nyasi fupi, changa, za kijani, na uwanja unaofyekwa na kumwagiliwa maji ndio hasa huo, tena hakuna mbwa mwitu wala mwindaji. Mchana hulala kwenye kivuli cha miti, na jua linapoelekea kuzama hutoka kula hadi usiku, kisha tena alfajiri. Hawawafuati ninyi, wanafuata majani.

Mkate ndio ulioharibu utaratibu huo. Tumbo la kanguru lina chumba kikubwa cha mbele ambamo vijidudu huchachusha nyasi polepole, na wanga mwingi wa ghafla huvuruga uchachushaji huo. Lakini madhara makubwa zaidi yako kinywani. Nyasi ni ngumu na husaga magego, kwa hiyo kanguru ameumbwa na magego yanayosogea mbele kidogo kidogo kadiri anavyozeeka; la mbele likichakaa hudondoka na la nyuma huchukua nafasi. Chakula laini kama mkate hunata kati ya meno na ufizi, bakteria huingia pale ufizi ulipochubuka, na hatimaye mfupa wa taya huvimba na kuoza. Nimewashika kanguru wenye ugonjwa huo: uvimbe mgumu chini ya shavu, harufu mbaya ya kinywa, mate yanayotiririka, na mbavu zinazohesabika ingawa amesimama katikati ya majani mazuri. Kwa mnyama wa porini ni vigumu sana kuutibu. Tena wanaolishwa husongamana mahali pamoja, wakachafua nyasi zile zile wanazokula, na maambukizi yakasambaa.

Kwa hiyo acheni kuwalisha kuanzia leo. Kwa wiki chache za mwanzo mtegemee kwamba yule dume ataendelea kuja mlangoni, pengine akiwa na haraka kuliko zamani, kwa sababu amefundishwa kwamba binadamu akitoka, mkate hutoka. Katika wiki hizo watoto wasicheze uani jioni bila mtu mzima.

Je, uwafukuze? La. Ukiwakimbiza, ukiwapigia makelele au ukiwatuma mbwa, hukimbilia kwenye uzio. Mguu wa nyuma hunaswa kati ya nyaya mbili za juu za seng'enge, mnyama akaning'inia hapo usiku kucha. Hata asiponaswa, kanguru aliyekimbizwa sana anaweza kufa siku kadhaa baadaye, kwa sababu misuli yake huvunjika kwa msongo na sumu zake huziba figo. Njia ninayoipendekeza ni kuugawa uwanja: zungumza na mwenye nyumba kuhusu uzio wa sehemu ndogo ya kuchezea watoto karibu na nyumba, wa wavu usio na miiba, mrefu kumzidi mtu mzima, na sehemu iliyobaki waachieni kanguru. Uzio hugharimu fedha, nami siwezi kukuahidi kwamba mwenye nyumba atakubali. Akikataa, badilisheni saa: watoto wacheze mchana, na ifikapo magharibi wawe ndani au barazani.

Kuhusu dume mwenyewe, jifunzeni kumsoma. Dume wa kijivu aliyekomaa huweza kuzidi kilo 60, na akijiinua hufikia kimo cha mtu mzima. Akiendelea kula, masikio yakizungukazunguka, yuko salama na ninyi mko salama. Akiacha kula akasimama wima kwa vidole vya miguu na ncha ya mkia, akajisugua kifua kwenye nyasi au kichaka, au akatoa mngurumo, anakuambia kwamba anakuona mshindani. Usikimbie, kwa sababu atakufikia. Usimkodolee macho wala kuinua mikono. Jigeuze ubavu, inama kidogo, toa kikohozi kifupi kizito kama anachotoa kanguru mnyonge mbele ya mkubwa, kisha rudi nyuma polepole hadi kuwe na mti, gari au mlango kati yenu. Akikuangusha, jikunje kama mpira, mikono ikifunika shingo, kwa maana pigo lake la hatari ni teke la miguu miwili lielekealo tumbo. Mtoto hawezi kukumbuka yote haya akiwa ameshikwa na hofu. Mfundisheni moja tu: akimwona dume amesimama, aingie ndani kwa kutembea na kuita mtu mzima.

Kama mna mbwa, afungwe jioni. Kanguru anayefukuzwa na mbwa hukimbilia majini, akageuka, akamshika mbwa na kumzamisha. Wenye mbwa wengi huingia majini kuwaokoa, na hapo ndipo watu huumia.

Baada ya wiki kadhaa bila mkate, akiwa bado huja mlangoni na kuwakabili, hilo si la kulimaliza wenyewe: wapigieni simu idara ya hifadhi za taifa na wanyamapori ya jimbo, iitwayo National Parks and Wildlife Service, wao ndio wenye mamlaka ya kuamua. Mtu akipigwa teke la tumbo aende hospitali hata kama anajisikia vizuri. Akikwaruzwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni, na daktari aangalie kama chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Magonjwa hayakunifanya nikose usingizi, lakini mawili yatajwe. Homa ya Q husababishwa na bakteria wanaobebwa na ng'ombe, kondoo, mbuzi na pia kanguru, na huingia kwa kuvuta vumbi lenye mabaki ya mkojo, kinyesi au majimaji ya uzazi. Mumeo, kwa kuwa anafanya kazi machinjioni, aulize kama amekwisha chanjwa. Hapa Australia chanjo ipo, na hutanguliwa na vipimo vya damu na ngozi. Anayefyeka nyasi zenye kinyesi cha kanguru avae barakoa, na watoto wanawe mikono kabla ya kula. La pili ni virusi vya Ross River, ambavyo mbu huvitoa kwa kanguru na kuvileta kwa watu, hasa baada ya mvua nyingi au mto kufurika, vikaleta homa, upele na maumivu makali ya viungo. Mmoja wenu akipata homa kali au maumivu hayo, amwambie daktari bila kusubiri kuulizwa kwamba mnaishi na kanguru na kwamba kuna anayefanya kazi machinjioni; taarifa hiyo hubadilisha vipimo vinavyoagizwa.

Nyama inaliwa, na wenyeji wa asili wa Australia wameila tangu zama na zama, mkia ukiwa sehemu inayopendwa sana. Inauzwa katika maduka makubwa, ni nyekundu iliyokoza na ina mafuta machache mno, karibu asilimia mbili, kwa hiyo hukauka haraka ikiachwa motoni. Ama ikaangwe upesi au mkia wake uchemshwe kwa saa nyingi. Mjamzito aile ikiwa imeiva kabisa, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vya toksoplasma. Msiichukue ya barabarani: mnyama aliyegongwa amepasuka matumbo na hamjui amelala hapo kwa muda gani, na zaidi ya hayo hamruhusiwi kumchukua bila kibali. Kwa ndugu zetu Waislamu, ni haki wajue kwamba nyama ya dukani hutokana na kanguru wanaopigwa risasi machakani usiku na wawindaji wenye leseni, hawachinjwi. Hukumu yake wamwulize shehe wao.

Nimeiacha barabara mwisho kwa sababu ndiyo hatari yenu kubwa kuliko zote, na ningependa ukimaliza kusoma mumsomee mumeo sehemu hii. Wanyama wanaogongwa na magari Australia ni wa aina nyingi, lakini kanguru huongoza kwa mbali, na miezi mibaya ni ya baridi, Juni hadi Agosti. Sababu yake haina siri: siku zinapofupika, safari za kwenda na kurudi kazini huangukia kwenye giza la magharibi na alfajiri, saa zile zile kanguru wanapohama kutoka vichakani kwenda malishoni. Wakati wa ukame maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye lami huacha ukanda wa majani ya kijani kandokando ya barabara, na mnyama mwenye njaa hula hapo hapo, mita moja kutoka kwenye magurudumu.

Kanguru hajui gari ni nini. Macho yake yako pembeni mwa kichwa ili aone karibu pande zote, na taa kali zikimpiga hupofuka kwa muda, akaganda au akaruka kuelekea popote, mara nyingi kuelekea wenzake walio upande wa pili. Akiwa hewani hawezi kubadili njia. Ndiyo sababu dereva husema, "alinirukia," ilhali mnyama alikuwa akimkimbia. Akipita mmoja, mumeo ahesabu kwamba nyuma yake yuko mwingine.

Dawa ni mwendo. Kwa kilomita 100 kwa saa gari hukata karibu mita 28 kila sekunde. Kwa 80 hukata mita 22. Kwa mwendo ule wa 100, sekunde moja na nusu inayopita kati ya jicho kuona na mguu kukanyaga breki imekwisha kula mita zaidi ya 40 kabla gari halijaanza hata kupunguza kasi. Mumeo aondoke nyumbani robo saa mapema, aende taratibu kwenye vipande vyenye miti au alama ya njano ya kanguru, na atumie taa kubwa pasipo na gari linalokuja. Kanguru akitokea, akanyage breki kwa nguvu na ashike usukani ulionyooka. Najua mkono wa mtu mwema hutaka kukwepa, lakini wanaokufa katika ajali hizi mara nyingi ni waliokwepa wakagonga mti, wakapinduka, au wakakutana uso kwa uso na lori.

Filimbi msinunue. Kifaa cha sauti kilichowahi kujaribiwa kwa kanguru hakikubadilisha mwenendo wao, na kelele za gari lenyewe huimeza sauti inayodaiwa kuwatisha. Hatari yake ni kwamba dereva aliyeifunga hujiona salama akaongeza mwendo.

Akigonga tena, asimamishe gari nje ya barabara, awashe taa za dharura, na asimkaribie kanguru aliye hai, kwani teke la mnyama anayekufa linaweza kuvunja mfupa. Mtu akiumia, apige 000, namba ya dharura. Mnyama akiwa amelala katikati ya njia, polisi waarifiwe. Mfuko wa jike ukaguliwe ikiwa tu amekufa kweli na barabara iko salama.

Leo jioni, kabla ya zamu yake, tazameni pia hati ya bima. Ile ya lazima inayoambatana na usajili wa gari hapo New South Wales hushughulikia majeraha ya watu peke yake, na bima ndogo hulipa mali ya wengine. Gari lenu likibonyezwa na kanguru, kwa kawaida ni bima kubwa ndiyo italitengeneza, na mtaanza kulipa wenyewe kile kiasi cha kwanza kilichoandikwa kwenye mkataba. Kama gari ni la zamani na bima kubwa inazidi uwezo wenu, mumeo aulize kazini kama kuna mwenzake wa njia moja wa kuchangia naye safari, au kama anaweza kupewa zamu ya mchana katika miezi ya baridi.